Databesi ikikuandikia "errno 2" ina maana gani?

Errno 2 ni namba ambayo Linux inairudisha pale programu inapoomba faili kwa njia fulani halafu mfumo ukienda kuangalia hapo unakuta patupu. MySQL (programu ya databesi) yenyewe ni tarishi tu, inakuletea jibu la Linux. Kwa hiyo maana yake ni "hapo uliponielekeza hakuna kitu", sio lazima faili liwe limefutwa, na hapa ndo wengi wanapaniki saa nane usiku wanaanza kuristati kila kitu.

Soma namba vizuri kwanza. 13 ni kunyimwa ruhusa, 24 ni mafaili mengi mno yamefunguliwa kwa mkupuo, ukisahau andika amri ya perror 2 itakusomea maana yake.

Kama linalolalamikiwa ni mysqld.sock (faili la soketi, mlango ambao programu zinapitia kuongea na mysqld, yaani seva ya MySQL) basi tulia, hakuna data iliyopotea. Hilo faili la soketi linazaliwa seva ikiwaka na linaondoka seva ikizimwa, so ama seva imezima ama programu yako inalitafuta sehemu nyingine. Jaribu kuingia kwa 127.0.0.1 badala ya localhost, ikikubali ujue shida ni njia ya soketi tu.

Nyingine ya kijinga ila ipo sana: mashine imewaka upya lakini diski ya data haijamauntiwa (haijaunganishwa kwenye folda yake), ukifungua folda unaona tupu kabisa. Piga df (inaonyesha diski zilizounganishwa) kabla hujalia, na usije ukaanzisha databesi mpya humo ndani aisee.

Sasa kufutwa kweli. Diski imejaa, mtu kaingia /var/lib/mysql (folda ya data) kapiga rm, amri ya kufuta, kwenye faili la .ibd linalobeba data ya jedwali, akidhani ni takataka. (PostgreSQL, databesi nyingine, walishachoka na hii, toleo la 10 mwaka 2017 wakabadilisha folda ya pg_xlog ikawa pg_wal, maana watu wakiona "log" wanafuta.) Kwenye Linux rm inaondoa jina tu, yaliyomo yanabaki kwenye diski mpaka programu iliyolishikilia hilo faili iliachie, ndo maana mysqld inaweza kuendelea kusoma na kuandika kama hamna kitu, halafu siku unairistati ndo errno 2 inatokea na data imeshaenda kweli. Kwa hiyo USIRISTATI. Simamisha app zinazoandika, kimbiza mysqldump (amri ya kutoa nakala) ya hilo jedwali uitoe kwenye diski nyingine, mara nyingi inasoma vizuri tu. Ikigoma, piga lsof +L1 (inaorodhesha mafaili yaliyofutwa ila bado yameshikiliwa), utaona faili lina neno deleted pembeni pamoja na PID (namba ya programu) na namba ya fd (namba ya faili lililofunguliwa), unalikopi kutoka /proc/PID/fd.

Ukishalirudisha mahali pake mpe umiliki mysql, maana umekopi kama root (mtumiaji mkuu wa Linux), ukisahau utatoka namba 2 unahamia namba 13.