Kabla ya Kujisajili kwa Uzamili wa Kriminolojia na Saikolojia ya Uhalifu

Msimu wa usajili unapokaribia, kitengo chetu cha masomo ya uzamili hupokea maswali mengi kuhusu kriminolojia na saikolojia ya uhalifu. Siku hizi yamezidi malalamiko, na mengi ni ya waliokwisha hitimu: walikwenda kuomba kusajiliwa kama wanasaikolojia, wakakataliwa, sasa wanadai walihadaiwa. Maelezo haya yanahusu utaratibu ulivyo nchini Kenya. Hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili wala wa bodi husika.

Tuanze na usajili. Kazi ya ushauri nasaha na saikolojia inasimamiwa na sheria ya mwaka 2014, na bodi iliyoundwa chini ya sheria hiyo ndiyo inayoamua nani asajiliwe. Chuo hakitoi leseni. Aliyesomea sheria au sosholojia katika shahada ya kwanza, kisha akafanya uzamili huu, amepata elimu ya kuuelewa uhalifu. Hajapata idhini ya kumtibu mtu. Kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa ni kosa. Mwenye nia ya kutibu aiulize bodi kabla ya kulipa karo, si baada ya mahafali. Hata Uingereza, ambako kozi zenye jina hilihili ni nyingi, cheo cha mwanasaikolojia wa masuala ya jinai kinalindwa kisheria, na shahada ya uzamili peke yake haimfikishi mtu huko.

Vilevile, mshukiwa wa mauaji anapopelekwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili jijini Nairobi, kupimwa akili kabla ya kujibu mashtaka, anayempima ni daktari wa magonjwa ya akili, si mhitimu wetu. Wala hatufundishi kumjua mwongo kwa kumtazama machoni. Hili tumelieleza mara nyingi mno. Cesare Lombroso, daktari wa Italia wa karne ya 19, alidhani mhalifu hutambulika kwa umbo la fuvu na taya. Wazo hilo lilikwisha kukataliwa zamani, lakini bado tunaletewa barua za maombi zinazolisifu.

Kinachosomwa ni kigumu zaidi, na kina manufaa zaidi. Chukua kumbukumbu ya shahidi. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Walioulizwa kwa neno "yalipobamizana" walikadiria wastani wa takriban maili 41 kwa saa. Walioulizwa kwa neno "yalipogusana" walikadiria takriban 32. Filamu ni zilezile, kilichobadilika ni neno moja la muulizaji.

Sasa lipeleke hilo kwenye gwaride la utambulisho, ambapo shahidi huonyeshwa watu waliopangwa mstari ili amtambue mhusika. Kanuni za polisi zinataka mshukiwa asimame kati ya watu wasiopungua 8 wanaokaribiana naye kwa umri, kimo na mwonekano. Akiwa yeye peke yake ndiye mwenye bendeji kichwani, shahidi hahitaji kukumbuka chochote ili amguse bega. Na afisa akimwambia "tuonyeshe ni yupi", badala ya kumweleza kwamba huenda mhusika hayumo kabisa, amekwisha kumsukuma achague mtu. Kuyaona mambo haya kwenye jalada la kesi, na kuyaandika kwa namna ambayo hakimu ataelewa, ndiyo kazi ya mwanafunzi wa uzamili.

Ajira zipo, ingawa hatuahidi. Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji inakiuka Katiba. Tangu hapo, katika kesi za mauaji, historia ya maisha ya mkosaji ina uzito wakati wa kutoa hukumu, na ripoti za maafisa wa probesheni husomwa kwa makini. Huko, na magerezani, ndiko elimu hii inakotumika zaidi.

Nimalizie na utafiti, ambako wengi hukwama. Pendekezo lako hupitia kwanza kamati ya maadili. Baada ya hapo unaomba leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013. Kufanya utafiti bila leseni ni kosa. Ukiipata, unaripoti kwa maafisa wa kaunti kabla ya kuanza. Leseni hiyo haifungui lango la gereza: unahitaji ruhusa ya Idara ya Magereza, na mfungwa mwenyewe ana haki ya kukataa kuhojiwa bila kuulizwa sababu. Majina na taarifa za afya za wafungwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Adhabu ya jumla kwa makosa chini yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kuhifadhi taarifa hizo kwenye simu inayotumiwa na familia nzima hakukubaliki.

Anayetaka kuwahoji vijana wa Borstal, yaani taasisi za kuwarekebisha vijana waliokosa, iwe Shikusa au Shimo la Tewa, alete pia idhini ya mzazi au mlezi kwa kila aliye chini ya miaka 18. Maombi yasiyo na idhini hiyo tunayarudisha bila kuyasoma. Anza kuitafuta katika muhula wa kwanza, kwa sababu wazazi wengi wanaishi mbali na taasisi hizo, na barua huchukua muda kuwafikia.