Spesa za Magurudumu: Kinachoshika Tairi Si Nati Peke Yake

Haipiti wiki bila kijana kuingia gerejini na boksi ambalo ameshalilipia. Analiweka juu ya benchi, anasema, "Fundi, nataka tairi zitoke zilingane na madigadi," halafu anauliza bei ya kufunga. Nikimuuliza alipimaje, nakuta hajapima. Ameona picha ya gari kama lake mtandaoni, mwenye gari akaandika kwamba amefunga spesa za mm 20, zile sahani zinazokaa kati ya rimu na habu (kitovu ambako gurudumu hufungwa) ili tairi isogee nje, basi naye akaagiza za mm 20.

Mimi si adui wa spesa. Nazifunga, na gari moja ninaloliendesha mwenyewe linazo. Ila nilijifunza kazi hii kwa njia ya aibu, kwa hiyo nianze na hiyo aibu.

Miaka ya mwanzo nilifunga spesa bapa za mm 10 kwenye Noah, ile sahani isiyo na bolti zake. Mteja alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na njaa. Nilivua tairi, nikapachika spesa, nikarudisha tairi, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote huku nimekanyaga spana. Baada ya wiki mbili mzee akarudi analalamika: "Mwanangu, huku nyuma kunagonga, ngo-ngo-ngo, hasa nikipunguza mwendo." Nilipoliinua gari, stadi mbili kati ya tano, zile bolti za habu zinazoshika nati, zilikuwa zimekatika. Matundu ya rimu yalishatafunwa yakawa na umbo la yai. Nyuma ya spesa kulikuwa na unga mwekundu, kutu iliyosagika laini kama binzari. Yule mzee alikuwa ametoka Babati siku hiyo na familia yake.

Niliponunua stadi mpya ndipo nilipokaa chini kujiuliza zilikatika kwa sababu gani, maana nati nilizikaza mno.

Watu wengi wanadhani gari limening'inia juu ya zile bolti tano. Haliko hivyo. Kazi ya nati ni kuivuta rimu ibane kwenye uso wa habu. Ubano ule ndio unaoleta msuguano, na msuguano ndio unaobeba uzito, breki na kona. Stadi imetengenezwa ivutwe kwa urefu wake, haikutengenezwa ikatwe kwa ubavu. Sasa ukiacha kutu katikati ya spesa na habu, siku ya kwanza nati inakaza vizuri kabisa. Gari likitembea ile kutu inasagika, nafasi ndogo sana inapatikana, na ubano unakwisha. Rimu inaanza kuteleza kidogo, hata kwa macho huioni, na stadi inakunjwa na kukunjuliwa kila tairi inapozunguka. Tairi ya kipenyo cha sm 65 kwa mwendo wa km 80 kwa saa inazunguka karibu mara 11 kila sekunde. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje na kuukunjua mara 11 tu, uone.

Bila spesa, uso wa kubana ni mmoja: rimu na habu. Ukiweka spesa zinakuwa mbili. Hofu yangu yote juu ya spesa iko hapo, na karibu kila ninachokieleza hapa chini kinatoka hapo.

Spesa ziko za aina mbili. Bapa, ambazo huwa za mm 3, 5, 8 hadi 10, zinapenyezwa kwenye stadi za gari na rimu inafuata juu yake. Zile nene, kuanzia mm 15 au 20 kwenda juu, zina matundu ya kuzifunga kwenye habu kwa stadi za asili, na zina stadi zake zenyewe za kupokea rimu. Kwa bapa, swali la kwanza ni urefu wa stadi unaobaki. Kanuni ninayoifuata ni kwamba nati ishike uzi wa urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe. Toyota nyingi ndogo zina stadi za M12, za unene wa mm 12, zenye uzi wa 1.5, yaani kila mzunguko mmoja nati inasogea mm 1.5. Mm 12 ukigawa kwa 1.5 unapata mizunguko 8. Subaru na Nissan nyingi ni M12 yenye uzi wa 1.25, kwa hiyo mizunguko karibu 10.

Huhitaji kifaa. Pachika spesa, pachika rimu, anza nati kwa vidole, kisha hesabu mizunguko kamili mpaka ikae. Ikigota kwenye mzunguko wa 5, acha. Usiniambie utaikaza zaidi. Ukiikaza zaidi unavua uzi. Ama ubadilishe stadi uweke ndefu, ama uchukue spesa nyembamba. Na ukiweka stadi ndefu, angalia nati zako kama ni zile za kofia. Stadi inaweza kugota ndani ya kofia kabla nati haijaibana rimu. Spana itakwambia imekaza, kumbe imeng'ang'ania stadi na rimu iko huru.

Jambo la pili ni tundu la katikati. Habu ina mdomo wa duara unaochomoza, na rimu ya asili inakaa juu ya mdomo huo bila nafasi. Ndio unaoweka tairi katikati kamili wakati unakaza. Spesa ya mm 3 inauachia mdomo nafasi ya kutosha kuishika rimu. Spesa nene inatengenezwa na mdomo wake wa nje. Tatizo liko katikati, kwenye mm 8 au 10: imeshaumeza mdomo wa habu, na yenyewe ni nyembamba mno kuwa na mdomo wake. Ndiyo niliyomfungia yule mzee. Siku hizi mtu akiniletea za unene huo bila mdomo namrudishia.

Mwaka huu kijana mmoja wa Premio alikuja na spesa nzuri kwa macho, nyeusi, zimeandikwa 5x100. Premio yake ni 5x100 kweli, yaani bolti tano kwenye duara la kipenyo cha mm 100. Lakini spesa zilitengenezwa kwa ajili ya Subaru. Tundu la katikati la Subaru za 5x100 ni mm 56.1, na mdomo wa habu ya Toyota hizo ni mm 54.1. Zinaingia vizuri, kinachomdanganya mtu ni hicho. Mm 2 za kucheza zinatosha kabisa kuutetemesha usukani ukifika km 90. Kisha nati zilizokuja kwenye boksi zilikuwa za uzi wa 1.25. Kwenye stadi ya Toyota zinashika mzunguko mmoja na nusu, zinakwama. Fundi mwenye papara anachukua mashine ya upepo, anazilazimisha, na stadi kumi zimekwisha. Kwa hiyo kabla hujalipa, uwe na vitu vinne vimeandikwa kwenye karatasi: PCD (idadi ya bolti na kipenyo cha duara lake, kama 5x100), tundu la katikati, unene na uzi wa stadi, na umbo la makalio ya nati, pale inapokalia rimu. Hilo la mwisho husahaulika. Rimu nyingi za asili za Toyota zinatumia nati yenye shingo na washa bapa. Rimu za kununua aghalabu zinataka nati ya koni. Honda wana ya mviringo kama mpira. Nati ya koni kwenye kiti bapa inagusa kwa mstari mwembamba tu, na kubana haibani.

Unene sasa. Usikisie, pima. Egesha gari mahali tambarare, watu wawili watatu wakae ndani, funga nati kwenye uzi wa kushonea na uuning'inize kutoka ukingo wa madigadi kama timazi ya mwashi. Pima kutoka kwenye uzi hadi ubavu wa tairi. Ukipata mm 22, usinunue mm 22. Mimi natoa walau mm 7 au 8, kwa sababu shokapu zikibonyea tairi haishuki wima kila gari, na barabara zetu mnazijua. Kisha zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili ukitazama kwa nyuma ya tairi ya mbele, pale kwenye plastiki ya ndani. Mara nyingi hugusa hapo kabla ya kugusa madigadi.

Kuna namba pia kwenye rimu, imeandikwa ET, yaani ofseti. Forester ya zamani ya rimu za inchi 16 ina ET48: uso wa kukaa kwenye habu uko mm 48 nje ya katikati ya upana wa rimu. Ukiongeza spesa ya mm 20, ni sawa na kununua rimu ya ET28. Usukani utakuwa mzito kidogo, utavutwa zaidi na mashimo, na beringi itabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Mwenye kukwambia beringi haitaathirika anakuuzia kitu. Suala ni kiasi gani. Mm 5 kwa ajili ya kuipisha kalipa ya breki isiguse rimu, sina neno. Mm 50 kwa ajili ya picha, hapo tuzungumze.

Na ukichukua ya mm 15 ya kufunga kwa bolti, pima stadi ya asili inatokeza kiasi gani. Ikiwa ni mm 25, ncha ya mm 10 itachomoza mbele ya spesa na kugota nyuma ya rimu, isipokuwa rimu iwe na vishimo vya kuipokea. Wapo wanaokata stadi kwa grainda. Sikatai kwamba inawezekana, ila siku ukitoa spesa huna stadi tena.

Kwa hapa Arusha, spesa ninazozifunga kwa moyo mweupe zaidi ni za Land Cruiser za utalii. Mwaka 2007 Toyota walipoiwekea familia ya 70 injini ya dizeli ya V8 ya lita 4.5, walipanua ekseli ya mbele ili injini ipate nafasi, ya nyuma wakaiacha ilivyokuwa. Tairi za nyuma zikawa ndani kwa takriban mm 95 kwa jumla, nusu yake kila upande. Kwenye lami huioni. Kwenye tope la udongo mweusi kipindi cha masika, tairi za mbele zinachimba mfereji wake, za nyuma zinapanda ukuta wa ndani wa mfereji huo na kuchimba mwingine. Injini inafanya kazi mara mbili na mkia unacheza. Dereva mmoja aliniambia, "Fundi, nyuma hakumsikilizi mbele." Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Dawa iko ya aina mbili: rimu za nyuma zenye ofseti tofauti, au spesa za karibu mm 45 nyuma. Kwa uhandisi mtupu ningechagua rimu, maana uso wa kubana unabaki mmoja. Lakini gari la safari linabeba spea mbili. Ukiwa na rimu za aina mbili, unahitaji spea ya mbele na spea ya nyuma, na pancha mbili za ekseli moja zitakukuta umebeba isiyofaa. Ukiwa na spesa, rimu zote ni moja. Hapo nawaambia wafunge spesa, ila ziwe za alumini iliyofuliwa au kuchongwa kwenye kipande kizima, daraja la 6061-T6 au bora zaidi, zisiwe za kumiminwa kwenye kalibu, na ziwe zimeandikwa mzigo zinaoruhusiwa. Gari hizo ni 5x150, tundu mm 110, stadi M14. Pima kwanza lako: yapo ya kabla ya 2007 ambayo hayana kasoro hiyo.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya usafi kuliko nguvu. Habu inasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, hasa kuzunguka shina la kila stadi ambako kutu hujificha. Nyuma ya rimu vilevile, toa rangi iliyovimba na tope. Pitisha kucha, ikikwaruza kitu, bado. Spesa ikikaa, izungushe kwa mkono: haitakiwi kucheza hata kidogo. Grisi kidogo sana kwenye mdomo wa habu ili isigande, lakini kwenye nyuso za kubana na kwenye uzi wa stadi usiweke, kwa sababu uzi wenye grisi unavutwa kupita kiasi kwa nguvu ileile ya spana. Kaza kwa mtindo wa nyota, kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Toyota ndogo nyingi ni 103 Nm. Gari lako lina kitabu chake.

Baada ya km 50 hadi 100 unarudi kwangu. Kwa spesa za bolti, tairi lazima ivuliwe, kwa sababu nati za ndani ndizo zinazoshika spesa na huwezi kuzifikia kwa nje. Wateja hawalipendi hili. Wengi hukagua za nje, wakaondoka. Mimi nalifanya bure ili wasiwe na kisingizio.

Na kabla hujaondoka, toa spana ya tairi iliyo kwenye buti lako ujaribu nati mpya. Toyota nyingi zilitoka kiwandani na nati za kichwa cha mm 21, ila spesa nyingi huja na nati za mm 19, na za ndani wakati mwingine 17. Nimeshapigiwa simu saa mbili usiku na mtu aliyepata pancha njia ya Namanga, ana jeki, ana spea iliyojaa upepo, na spana inazunguka bure juu ya nati.