Je, Wajua Kwa Nini Msaka Watoro Hodari wa Dungeons & Dragons Hategemei Upinde?

Mchezaji anayetaka kuwa msaka watoro katika Dungeons & Dragons, yaani mtu anayelipwa ili awakamate wahalifu waliokimbia na kuwafikisha kwa aliyetangaza zawadi, mara nyingi huanza na silaha. Humpa mhusika wake upinde mrefu na joho jeusi, kisha huketi mezani akiamini kwamba maandalizi yamekamilika. Mtoro wa kwanza anapopatikana, mshale unampata, alama zake za uhai zinashuka hadi 0, na msimamizi wa mchezo anatangaza kwamba amekufa. Ikiwa aliyeahidi zawadi alitaka mtu huyo aletwe akiwa hai, donge nono limepotea. Sababu ya hasara hiyo imo ndani ya kanuni za mchezo, na mchezaji anayeielewa ataunda mhusika wa namna nyingine kabisa.

Mchezo huu, uliobuniwa na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson na kutolewa nchini Marekani mwaka 1974, huchezwa kwa masimulizi, karatasi na kete. Jambo likiwa na mashaka, mchezaji hurusha kete yenye pande 20, huongeza nambari ya uwezo wa mhusika wake, na jumla hulinganishwa na kiwango cha ugumu: 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa jambo la wastani na 20 kwa jambo gumu. Hesabu zitakazofuata ni za toleo la 5 la mwaka 2014. Marekebisho ya mwaka 2024 yamebadilisha baadhi ya taratibu, ikiwemo ile ya kumshika adui, lakini kanuni iliyo kiini cha makala haya ingalipo.

Kanuni yenyewe ni hii: anayemmaliza adui kwa shambulio la karibu, kama vile la upanga, rungu au ngumi, anaruhusiwa kuamua papo hapo kwamba amemzimisha tu, na adui huanguka akiwa amepoteza fahamu bila kufa. Ruhusa hiyo haimhusu anayepiga kutoka mbali. Mshale hauwezi kuzuiliwa ukishaachiwa, na wasimamizi wengi humhesabu adui wa kawaida kuwa amekufa mara tu uhai wake unapofika 0. Kwa hiyo msaka watoro anayetegemea upinde pekee amejifungia mlango wa malipo kabla hata ya kuanza kazi. Upinde una nafasi yake, nami singemshauri mtu auache nyumbani, ila pigo la mwisho halipaswi kuwa lake.

Tatizo la pili ni kwamba mtoro hukimbia. Wengi husahau jambo hili kwa sababu maadui wengi katika mchezo huu hupigana hadi kufa, ilhali mtu anayesakwa hana sababu yoyote ya kusimama na kupambana. Hapa ndipo kanuni ya kumshika adui inapokuwa na thamani kubwa kuliko silaha yoyote. Mhusika mwenye mkono mmoja ulio huru hushindanisha Nguvu zake na Nguvu au Wepesi wa mpinzani, na akishinda, mwendo wa aliyeshikwa huwa 0. Katika zamu inayofuata anaweza kumsukuma aanguke chini. Kwa kuwa kuinuka hugharimu nusu ya mwendo, na aliyeshikwa hana mwendo wowote, hawezi kuinuka mpaka ajinasue. Aliye karibu naye sasa humpiga akiwa na faida ya kurusha kete mbili na kuchukua iliyo kubwa, wakati mpiga mishale aliye mbali hulazimika kuchukua iliyo ndogo.

Tuchukue mfano. Tumchague binadamu wa daraja la 1 katika fani ya mjanja, fani inayosifika kwa wizi na kuvizia, lakini ambayo humruhusu mchezaji kuuzidisha ujuzi wake mara mbili katika mambo mawili anayoyachagua. Wengi huchagua kunyemelea na kufungua kufuli. Msaka watoro achague riadha, ambayo ndiyo hutumika kumshika mtu. Tukimpa Wepesi 16 na Nguvu 15, atapata nyongeza ya 2 kwa Nguvu na 4 kwa ujuzi uliozidishwa, jumla 6. Jambazi wa kawaida katika vitabu vya mchezo huwa na nyongeza ya 1 tu anapojaribu kuponyoka kwa wepesi. Kwa hesabu hiyo mhusika wetu atafanikiwa mara 70 katika kila majaribio 100, na hilo ni kubwa mno kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza safari.

Akishamzimisha mtoro, muda ni mchache. Aliyezimishwa hupata fahamu baada ya saa 1 hadi 4, kwa kadiri kete itakavyoamua, kwa hiyo vifungo viwe tayari. Kamba ya katani hukatika kwa jaribio la Nguvu la kiwango cha 17, na jambazi wetu wa kawaida ana nafasi 4 katika 20 za kufaulu. Pingu huhitaji kiwango cha 20, iwe kwa kuzivunja au kwa kuchomoa mikono. Kwa wepesi wake, nafasi zake ni 2 tu katika 20. Pingu huuzwa kwa vipande 2 vya dhahabu. Hakuna sababu ya kuzikosa.

Jambo linalonivutia zaidi, hata hivyo, ni namna ya kumpata mtoro. Wachezaji hupenda kufuata nyayo, na kanuni zinaruhusu: kwenye udongo au majani ugumu ni 15, kwenye mwamba mtupu ni 20, lakini kila siku inayopita tangu mtu apite huongeza 5. Mfuata nyayo mzuri wa daraja la 1 huwa na nyongeza ya 5, yaani hata kete ikimwonyesha 20 hawezi kuvuka 25. Nyayo za juzi kwenye majani atazipata kwa bahati ya mara moja katika 20. Za siku 3 hazipati kamwe. Habari za mtoro aghalabu humfikia msakaji zikiwa zimechelewa, kwa hiyo kinachobaki ni kuuliza watu. Ndiyo maana kitabu cha Sword Coast Adventurer's Guide cha mwaka 2015 kina usuli, yaani maisha ya nyuma ya mhusika, wa msaka watoro wa mjini ambao haufundishi kabisa kusoma nyayo. Hutoa ujuzi wa mambo mawili kati ya kudanganya, kusoma nia za watu, kushawishi na kunyemelea, pamoja na watu wa kumpa habari katika kila mji, wawe walevi wa vilabuni au watu wa majumba ya kifahari, kutegemea aina ya watu anaowasaka.

Mwisho kuna wenzake msaka watoro katika kundi. Anayechagua kuua au kuzimisha ni yule aliyetoa pigo la mwisho, wala si mwenye zawadi. Mchawi wa kundi akirusha moto wakati jambazi amebakiwa na alama 3, safari nzima imekwenda bure. Kabla ya mapambano, kundi likubaliane kwamba wapigaji wa mbali waanze, wamdhoofishe mtoro, kisha waache kabisa msaka watoro anapomkaribia. Amwombe pia msimamizi, kabla ya mchezo kuanza, amtajie mapema dalili za kumtambua aliyejeruhiwa vibaya, ili kila mtu mezani ajue ni wakati gani wa kushusha upinde.