Swali la ajabu sio lazima liwe gumu

Kijiweni hapa Dodoma mtu akirusha swali la chemsha bongo lenye mwaka wa zamani na mji ambao hamjawahi kuusikia, wote kimya, eti hilo la wasomi. Sio kweli jamani. Chukua hili: mwaka 1414 mfalme wa China aliletewa zawadi toka Bengal, mnyama wa Afrika ambaye wale jamaa walimuona kama kiumbe wa hadithi zao, mnyama gani? Hiyo 1414 na Bengal ni mapambo tu, we jiulize mnyama gani wa kwetu angemshangaza Mchina kiasi hicho, tembo wanao kwao, simba wanamjua, unabaki na twiga, na ndo jibu lenyewe. Au michoro ya kale ya Kolo, Kondoa, iliyoingia urithi wa dunia 2006, mingi ina rangi gani? Utasema nyekundu hata kama hujafika, bluu wangeitoa wapi?

Yanayoua watu ni yale mepesi. Mji mkuu wa Australia, wote fasta Sydney, kumbe Canberra, tena wanaokosea ni watu wa Dodoma ambao kila siku wanabishana na wageni wanaodhani makao makuu ni Dar.