Riwaya za upelelezi zilizosahaulika: yanayosemwa na ukweli wake

"Zilisahaulika kwa sababu zilikuwa mbovu."

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayozionea zaidi riwaya hizi. Katika Uingereza ya miaka ya 1920 na 1930, kipindi kinachoitwa enzi ya dhahabu ya riwaya za upelelezi, wasomaji wengi hawakununua vitabu. Waliviazima kwa ada. Boots, kampuni ya maduka ya dawa, ilikuwa na maktaba ndani ya matawi yake, na W.H. Smith, wauza magazeti na vitabu, nayo ilikuwa na zake. Wachapishaji walizitegemea sana maktaba hizo kwa mauzo. Nakala moja ilipita mikono mingi, ikachakaa, ikaishia kuuzwa kwa bei ya kutupa au kuwa karatasi chakavu.

Nakala iliyopitia Boots hujitambulisha yenyewe: ina kibandiko cha kijani chenye umbo la ngao juu ya jalada, na tundu dogo juu ya mgongo ambamo mwanachama alitia kitambulisho chake cha uanachama. Mara nyingi jalada la nje la karatasi, lile lenye picha, halipo tena. Ndiyo maana nakala yenye jalada hilo huuzwa kwa bei kubwa mno kuliko isiyo nalo, ingawa maneno ni yale yale. Mwenye shida ya kusoma tu asilipie karatasi hiyo.

Kisha vikaja vita. Karatasi ikaanza kutolewa kwa mgao mwaka 1940, na usiku wa 29 Desemba mwaka huo mabomu ya Wajerumani yaliteketeza Paternoster Row, mtaa wa wachapishaji jijini London, pamoja na mamilioni ya vitabu vilivyokuwa ghalani. Riwaya ya mwaka 1936 iliyopoteza akiba yake ya nakala, na isiyo na karatasi ya kuchapwa upya, ilitoka sokoni bila mtu kuuliza kama ni nzuri au mbaya.

Tazama *Mystery in White* ya J. Jefferson Farjeon. Ilitoka mwaka 1937, ikafifia. Maktaba ya Taifa ya Uingereza ilipoichapa upya mwaka 2014, ilinunuliwa kwa wingi ajabu msimu ule wa Krismasi. Kweli, si kila kilichopotea ni lulu. Zipo riwaya zilizoandikwa mbiombio, na mbio hizo zinaonekana. Lakini kupotea kwa kitabu si ushahidi wa ubovu wake.

"Ukitaka vitabu vya mwandishi, tafuta jina lake."

Hapa ndipo watafutaji wengi hukwama. Edith Caroline Rivett (1894–1958) aliandika kama E.C.R. Lorac na pia kama Carol Carnac. Cecil Street, aliyeandika riwaya zaidi ya 140, alikuwa John Rhode huku na Miles Burton kule. Anthony Berkeley ndiye huyo huyo Francis Iles. Juu ya hayo, wachapishaji wa Marekani walikuwa na mazoea ya kubadili majina ya vitabu: *The Hollow Man* ya John Dickson Carr (1935) ndiyo hiyo hiyo *The Three Coffins*.

Kwa hiyo anza kwa kuorodhesha majina yote ya uandishi ya mtu huyo. Kisha tafuta kila kitabu katika katalogi kubwa kama WorldCat, orodha ya mtandaoni ya vitabu vya maktaba nyingi duniani, ukinakili jina la toleo la Uingereza na la Marekani bega kwa bega, pamoja na idadi ya kurasa. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, penye mwaka na historia ya matoleo. Asiyefanya hivyo huishia kununua riwaya moja mara mbili.

Tena si kila kilichosahaulika kiliwahi kuchapwa. Mswada wa Rivett, *Two-Way Murder*, ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 2021, miaka 63 baada ya kifo chake.

"Ni habari za majumba ya matajiri wa Kiingereza tu."

Rudolph Fisher, daktari Mmarekani mweusi, alitoa *The Conjure-Man Dies* mwaka 1932. Mauaji yanatokea Harlem, kitongoji cha weusi jijini New York, na wahusika wote ni weusi. Huko Japani, Seishi Yokomizo alianza mwaka 1946 kuchapisha *Honjin satsujin jiken*, fumbo la chumba kilichofungwa kwa ndani. Tafsiri ya Kiingereza ilisubiri hadi 2019. Na mkondo huu ulifika Zanzibar. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), mpelelezi mwenye kiko na rafiki yake Najum, na hakuna asiyemwona Sherlock Holmes nyuma yake.

"Nakala ya mtandaoni haina tofauti na kitabu."

Kwa riwaya ya mapenzi, pengine. Kwa riwaya ya enzi hii, tofauti inaweza kuua fumbo lote. Waandishi walijifunga kumpa msomaji kila dokezo analopata mpelelezi, na madokezo mengine hayako kwenye sentensi: yako kwenye ramani ya nyumba, au kwenye ratiba ya treni. Freeman Wills Crofts, aliyekuwa mhandisi wa reli, aliweka namba za kurasa katika ufumbuzi wa *The Hog's Back Mystery* (1933) ili msomaji arudi kukagua kila dokezo. Toleo likipangwa upya bila kurekebisha namba hizo, zinampeleka pasipo na kitu.

Programu ya kusoma maandishi kutoka kwenye picha nayo hukosea tarakimu: 3 iliyofifia husomwa 8, na saa ya kifo ikabadilika. Dawa ni kusoma picha za kurasa zenyewe kila unapofika kwenye saa au namba, na kuhesabu kurasa ukilinganisha na katalogi. Ramani iliyokunjwa ndiyo hurukwa kwa urahisi na anayeskani, kwa hiyo itafute mapema, kabla hujazama kwenye hadithi.

"Ni vya zamani, basi ni vya bure."

Inategemea nchi. Uingereza huhesabu miaka 70 tangu mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi, kwa hiyo vitabu vya Rivett vilivyochapishwa akiwa hai vina hakimiliki huko hadi mwisho wa 2028. Kenya na Tanzania Bara, sheria huhesabu miaka 50. Marekani, kwa vitabu vya wakati huo, huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa: vya mwaka 1930 viko huru tangu 1 Januari 2026, na vya 1931 hufuata mwaka mmoja baadaye. Utangulizi wa toleo jipya, picha ya jalada na tafsiri vina haki zao wenyewe. Anayetaka kutafsiri kwa Kiswahili afanye kazi kutoka kwenye toleo la zamani, na kama anakusudia kuuza ng'ambo, ahakiki sheria ya kila nchi atakakouza.