Mtoto aliyefiwa asiambiwe "baba kasafiri"

Kwenye misiba ya huku kwetu Tanga, watoto hupelekwa kwa jirani. Jeneza likitoka, wao wako nyumba ya tatu wanacheza rede, na mpita njia anasema, "Masikini, hawa hata hawajui." Wanajua. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia waziwazi, na kazi yetu wanasihi wa watoto mara nyingi huanzia hapo.

Mtoto haombolezi mfululizo kama mtu mzima. Analia kidogo, anaomba chai, anakimbilia mchezoni, halafu usiku anakojoa kitandani au tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule. Aliye chini ya miaka 5 kwa kawaida hudhani kufa ni jambo la muda. Wengi huanza kuelewa kwamba marehemu harudi wakiwa na miaka 5 hadi 7. Sasa huyo mdogo ukimwambia baba kasafiri, anamsubiri. Nimemhudumia mtoto aliyepiga mayowe kila shangazi yake alipobeba begi kwenda stendi ya Kange. Baba alisafiri hakurudi, shangazi naye je? Kwa hiyo nawaomba walezi waseme hivi: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii njaa wala maumivu." Dua na mafundisho ya dini yenu yafuate baada ya hapo. Na mtoto atauliza tena kesho. Mjibu tena, maneno yaleyale.

Kigumu zaidi ni hatia. "Nyie watoto mtaniua kwa presha!" Nani hajawahi kusema hivyo? Mimi mwenyewe nasema. Ila mama huyo akifariki kweli kwa presha, mtoto wa miaka 7 anapiga hesabu zake kimyakimya. Hamwambii mtu. Ndiyo maana tunawapa karatasi na rangi. Mmoja alichora mama kitandani na mtoto mlangoni, mdomo wazi. Nikamuuliza huyu wa mlangoni anafanya nini. "Anapiga kelele." Basi kikao chote kilichobaki tuliongelea presha ni ugonjwa gani, na kwamba kelele za mtoto haziui mtu. Bibi yake aliyekuwa pembeni alishtuka kuliko mimi.

Vikundi vya watoto waliofiwa husaidia kwa sababu mtoto anagundua hayuko peke yake. Kule Portland, Marekani, kituo cha Dougy Center kinaviendesha tangu 1982. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali: Nshamba, mkoani Kagera, yatima waliosaidiwa na mradi wa Humuliza walianzisha chama chao wenyewe, Vijana Simama Imara, mwaka 2000.

Nyumbani, tengenezeni sanduku la kumbukumbu; boksi la viatu linatosha. Picha, tasbihi au rozari, kanga ya marehemu. Kanga hiyo msiifue haraka, kwani harufu ndiyo mtoto anayoitafuta.

Kuna la mama aliye edani. Miezi minne na siku kumi mtoto anamwona mama kabadilika, hatoki, hachangamki, na anaweza kudhani amekasirikiwa. Aelezwe eda ni nini.

Ndugu wakitaka kugawana watoto, mmoja Pongwe, mwingine Muheza, muoneni kwanza afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na inakataza kumnyima matumizi ya mali iliyoachwa na mzazi wake. Mwalimu wa darasa naye ajulishwe kabla mtoto hajarudi shule, asije akamwambia "kamwite baba yako" mbele ya wenzake.

Mtoto akisema anataka kumfuata marehemu, au kama alishuhudia kifo chenyewe, msingoje arobaini ipite; na akiendelea miezi kadhaa bila kucheza, msikae kimya. Mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.