Fangasi wa ukeni hawaletwi na "asidi mwilini"

Wiki hii tena: "Dokta, fangasi hawaniachi kwa sababu mwili wangu una asidi nyingi, nimeanza kunywa maji ya limau na magadi soda." Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Kwanza, limau ni asidi, magadi ni alkali. Ukivichanganya vinamalizana kwenye glasi. Wewe ulitaka kipi?

pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali) ya damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na mapafu na figo ndiyo yanayoilinda usiku na mchana. Ikishuka sana huwazi muwasho, uko wodini na dripu. Chakula hubadilisha pH ya mkojo, si ya damu, na wanaokuuzia vijikaratasi vya kuupima wanalijua hilo vizuri.

Uke nao hautakiwi kuwa na alkali. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, pH yake ya kawaida ni 3.8 hadi 4.5, kwa kazi ya bakteria walinzi wanaotengeneza asidi ya laktiki. Na hapa ndipo ninapokereka: mwenye fangasi wa kweli, nikimpima, mara nyingi pH yake ni hiyohiyo ya kawaida! Fangasi wanaishi humohumo kwenye asidi bila shida. Kipimo kikisoma zaidi ya 4.5 nawaza vajinosisi ya bakteria (bakteria wa ukeni kuvurugika) au trikomona (kimelea cha zinaa), na hizo zina dawa zake. Kwa hiyo baadhi ya "fangasi sugu" si fangasi kabisa. Mtu ametumia tyubu baada ya tyubu za klotrimazoli, dawa ya fangasi, kwa ugonjwa mwingine. Shombo ya samaki baada ya tendo la ndoa, kwa mfano, usiwasingizie fangasi.

Tiba za asili? Kitunguu saumu huua fangasi kwenye sahani ya maabara. Ukeni kinaweza kukuunguza. Siki, usijaribu. Mtindi kunywa tu, ni chakula kizuri, ila ushahidi kwamba unazuia fangasi kurudi ni dhaifu. Mafuta ya nazi hudhoofisha kondomu za mpira, jambo ambalo muuzaji hakwambii.

Kichekesho ni kwamba Candida glabrata, aina ya fangasi ambaye mara nyingi hasikii vizuri flukonazoli (dawa ya fangasi ya kumeza), tunamtibu kwa asidi: asidi ya boriki, kapsuli ya miligramu 600 ukeni kila usiku, kwa maelekezo ya daktari. Ukiimeza ni sumu, na mjamzito haruhusiwi.

Fangasi wakirudi mara 3 au zaidi ndani ya mwaka, tuoteshe sampuli maabara, tupime sukari na VVU, tuulizane kuhusu antibayotiki. Fangasi akiwa Candida albicans, aina ya kawaida, na huna mimba, mara nyingi tunaanza na flukonazoli miligramu 150 siku ya 1, ya 4 na ya 7, kisha mara moja kwa wiki kwa miezi 6. Wakati unaitumia, wengi hupata nafuu. Ukiacha, karibu nusu wanarudiwa, na sitakudanganya: kuna wanawake ambao vipimo vyote ni safi na bado fangasi wanarudi, nasi hatuna maelezo ya kuridhisha.

Ukija kupimwa, usije ukiwa kwenye hedhi, na siku mbili kabla usijioshe ndani, usiweke dawa wala kukutana na mwenzi wako. Damu na shahawa hupandisha pH, nami nitaishia kukutibu vajinosisi usiyokuwa nayo.